Koti la Mhudumu wa Nane

Mtoto wa mdogo wangu tulimwita Nukta tangu darasa la pili, kwa sababu kila akimaliza sentensi alikuwa anabonyeza nukta mpaka karatasi inatoboka. Mwalimu alimwita mama yake shuleni kuuliza kama mtoto ana hasira. Mdogo wangu akajibu kwamba hana hasira, anataka tu kuhakikisha imekwisha. Sasa Nukta ana miaka arobaini na mmoja, ameolewa na ameachika, anakaa chumba cha uani kwangu, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Mimi ni mama yake mkubwa. Niliishia darasa la saba, lakini niliishia nikiwa wa kwanza, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu au niliyasikia kwa mwenyewe.

Majirani walikuwa wakiniuliza huyo binti anafanya kazi gani hasa, maana hawamwoni akibeba kitu zaidi ya begi lenye waya. Nilikuwa nawajibu vizuri kabisa, kwa sababu Nukta alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mimi nilikaa chumba cha nguo cha hospitali miaka thelathini na moja. Asubuhi natoa makoti, jioni nayapokea. Ukitaka kujua koti ni nini, mvike mfagiaji koti jeupe umtume stoo ya dawa. Hakuna atakayemuuliza jina. Anayeaminiwa pale ni koti.

"Mama Mkubwa," Nukta aliniambia siku moja, "basi wewe unaijua nusu ya kazi yangu."

Akanieleza kwamba programu ikiamka, huamka imevaa koti la mkuu, kwa sababu ipo milango ambayo mkuu peke yake ndiye anayeifungua. Ikishafungua milango hiyo, lazima ilivue koti, ivae la mtu mdogo, ndipo ianze kuhudumia watu. Ikibaki nalo, atakayekuja dirishani atapewa hata asichostahili. Taabu ni kwamba kila aina ya mashine ina namna yake ya kuvua. Alikuwa na daftari la mistari mikubwa, kila ukurasa ameugawa mara tatu, kila aina ya mashine na upande wake. Kwa aina moja, mtu si jina bali ni namba, na mkuu ni namba sifuri.

"Sifuri ndiye mkubwa?" nikamuuliza.

"Ndiye."

"Basi mjomba wako na sifuri zake za shule alikuwa mfalme na sisi tukamchapa bure."

Kwa aina nyingine hakuna namba, kuna kitambulisho cha kuazima. Mhudumu anakivaa cha mteja anapomhudumia, kisha anakirudisha. Akisahau, mteja wa pili anahudumiwa kwa jina la wa kwanza. Na ipo ambayo lazima urudishe beji ya idara kwanza, koti baadaye, kwa sababu ukishavua koti huna tena mamlaka ya kurudisha beji. Nilimwambia hilo nalijua. Nilikuwa na msumari wa beji mlangoni na misumari ya makoti ndani, na aliyepita msumari wa kwanza bila kusimama nilimrudisha.

Nukta ndiye aliyeandika programu ya hospitali yetu, ileile nilikostaafu. Ofisi yao ilikuwa ghorofani juu ya duka la miwani, watu wanne na feni moja. Programu ilifungwa hospitalini, ikafanya kazi miaka mitatu bila neno. Nilijisifu nayo. Nilipokwenda kupimwa presha nilikuwa nawaambia waliokaa foleni, "Hiyo inayowaita majina ni ya mwanangu."

Pale mapokezi alikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tumetaniana miaka yote hiyo. Yeye ananiita Dobi, mimi namwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake ya kuita wagonjwa kabla kompyuta haijaja. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na katika miaka yake yote hakuwahi kupata barua ya onyo.

Sasa, kompyuta ya mapokezi ilikuwa inamchapia mtu kile tu anachoruhusiwa kukiona. Wifi akiandika namba ya mgonjwa na kubonyeza, inatoka karatasi moja ya miadi. Daktari akibonyeza namba hiyohiyo, yanatoka na majibu ya maabara. Jumatatu moja asubuhi, foleni imefika hadi geti, wifi alibonyeza namba ya mwalimu wa darasa la kwanza wa shule ya jirani. Akavuta karatasi ya miadi akampa. Hakuona kwamba nyuma yake imetoka ya pili. Mgonjwa aliyefuata aliichukua pamoja na ya kwake, akaisoma akiwa nje. Ugonjwa wenyewe sitautaja. Hadi saa saba mchana wazazi walikuwa wameshaanza kwenda shuleni kuwachukua watoto wao.

Mafundi wa hospitali walifungua daftari la kompyuta, lile linaloandika nani kafungua nini. Likasema karatasi ile ilifunguliwa kutoka meza ya mapokezi, kwa mamlaka ya mkuu. Hawakuhitaji zaidi. Wifi akapewa barua ya kujieleza: alipata wapi neno la siri la mkuu, na alimfanyia hivyo mwalimu kwa sababu gani. Akasema hajui neno lolote zaidi ya lake. Wakamketisha mezani, mchana, mbele ya afisa utumishi, wakamwambia bonyeza. Akabonyeza mara sita. Mara zote sita ikatoka karatasi moja ya miadi.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," afisa utumishi akasema. "Mbovu ni nani?"

Alisimamishwa kazi akingoja kamati ya nidhamu, Alhamisi ya wiki ya pili yake. Kamati ikimkuta na kosa, anafukuzwa, na mtu aliyefukuzwa haagwi, hapewi cheti, jina lake linabaki la mwizi wa siri za wagonjwa.

Jumapili kabla ya hiyo Alhamisi alikuja kwangu kula. Nukta alikuwepo. Wifi hakula, alikuwa anageuzageuza kijiko.

"Wananiona mwongo," akasema. "Na kweli sio mara ya kwanza. Mwezi uliopita ilitoka karatasi ya pili mara mbili, nikaichana nikatupa, nikadhani ni printa imechoka kama mimi. Lakini mchana haitoki. Ni asubuhi tu, watu wakijaa."

"Mbona hukusema?" Nukta akauliza.

"Niseme kwa nani? Nikisema mashine ina matatizo wanasema bibi hajui mashine."

Mimi nikawa napanga sahani, nikamkumbusha kisa cha zamani ili acheke. Zamani tulipata amri kwamba wahudumu wote wa chumba cha upasuaji warudishe makoti ya bluu, wapewe ya kijani. Nikawapanga mstari, nikawavua mmoja mmoja. Jioni koti moja halipo. Kumbe kijana mmoja alikuwa ameingia tangu alfajiri, kabla sijapanga mstari, yuko nyuma anapanga mitungi ya hewa. Yeye amri haikumkuta. Wiki nzima alikuwa anakaa huko nyuma haonekani. Siku kazi ikizidi wanamwita mbele kusaidia, anapita kila mlango na bluu yake.

Wifi hakucheka. Nukta ndiye aliyeacha kutafuna. Aliniangalia kama nimemtukana, akainuka, akaenda chumbani kwake na chakula kikabaki.

"Huyo naye ana nini?" wifi akauliza.

"Kazi zao hizo," nikasema. "Zinawashika kichwani kama degedege."

Jumanne Nukta alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mahali alipokuwa akikaa utotoni akivunja kitu.

"Ni mimi, Mama Mkubwa."

"Wewe nini?"

"Karatasi ya mwalimu. Ni mimi."

Akanieleza polepole, na mimi nilimsimamisha kila nilipokwama. Ndani ya programu yake mna msimamizi na wahudumu wanane. Saba ni wa dirishani. Wa nane kazi yake ni kuandika daftari, na ndiye anayeamka kwanza, kwa sababu daftari hufunguliwa na mkuu. Kisha Nukta anatoa amri: vueni koti la mkuu. Kisha ndipo wale saba wanaitwa. Kwenye mashine ya zamani ya hospitali, koti lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Msimamizi akilivua, wote wamelivua, hata aliye nyuma. Mwaka jana hospitali ikabadilisha mashine. Kwenye hii mpya, kila mhudumu ana koti lake mwenyewe. Amri ikavua la msimamizi peke yake. Saba waliokuja baadaye wakarithi koti lake dogo. Wa nane, aliyeamka kabla ya amri, akabaki na la mkuu.

"Na asubuhi watu wakijaa," nikasema.

"Saba wakishikika, wa nane anaitwa mbele kusaidia."

"Kama yule wa mitungi."

"Kama yule wa mitungi."

Nikamuuliza kama mashine mpya haina namna ya kuwaambia wote. Akasema ipo. Yupo mjumbe anayekuja na mashine, ukimpa amri anampitishia kila mhudumu. Lakini yeye alimruka mjumbe akasema na mashine moja kwa moja, kwa sababu alitaka maneno yake yawe mamoja kwa mashine za aina zote, na alijivuna kwamba ameweza. Akafungua lile daftari lake. Kwenye upande wa mashine mpya, mstari wa kuvua koti, alikuwa ameandika maneno mawili: kama kushoto, yaani sawa na ile ya zamani. Na nukta kubwa, imetoboa.

"Hukujaribu?"

"Nilijaribu. Peke yangu, ofisini. Mtu mmoja hajazi foleni."

Bosi wake alikuwa amekwisha kuambiwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, akamwambia, "Irekebishe jioni hii, na hilo tusilisikie tena. Hospitali tatu zinaitumia hiyo. Tukisema, tumefunga ofisi." Marekebisho yalikuwa ya mistari minne. Nukta alikuwa ameshayaandika. Ila akishayaweka, mashine inapona, na wifi hatakuwa tena na ushahidi wowote duniani kwamba hakusema uongo.

"Sijayaweka," akasema. "Nifanyeje, Mama Mkubwa?"

Hapa ningeweza kuandika kwamba nilimwambia akaseme. Tulikuwa wawili tu jikoni, nani angejua. Lakini sikumwambia hivyo. Nilifikiria majirani. Nilifikiria wale wa foleni ya presha niliojisifia. Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Labda kamati itamhurumia, ni mtu mzima."

Nukta akaniangalia, akasema, "Haya," akatoka.

Jumatano saa tisa wifi akaja na gauni lake la kijivu mkononi. Pasi yake ilikuwa imeungua.

"Dobi, ninyooshee. Kesho nataka nisimame mbele yao kama mtu, wasinione mkunjo hata mmoja."

Nikalinyoosha. Nilinyoosha kola, nikanyoosha mikono, nikanyoosha pindo kwa ndani na nje. Yeye amekaa kwenye kiti ananieleza atakavyosema. Atasema ameanza kazi pale enzi za kadi za manjano. Atasema siri alizozijua ni nyingi kuliko za daftari lao, na hakuwahi kuitoa hata moja, hata ile ya kaka yake. Kaka yake ni mume wangu. Nilikuwa najua ni siri gani, na kweli sikuwahi kuisikia kwa mtu. Nikanyunyiza maji, nikaendelea kupitisha pasi.

Akalitundika gauni kwenye mlango wa uani lipoe, akaenda kuoga. Nukta aliporudi kutoka kazini alilikuta pale. Akalishika pindo.

"Umelinyoosha wewe?"

"Aliniomba."

"Na hukumwambia kitu."

"Nawe hukumwambia."

Akaliachia pindo. Kisha akasema, "Nimekuomba njia, Mama Mkubwa, ukaniambia nisubiri. Mimi mwenyewe nilitaka uniambie hivyo. Hiyo ndiyo inayonitia aibu."

Alhamisi nilikwenda na Nukta hospitalini. Hakuna aliyeniita, wale walinzi wa hospitali bado wananiamkia, nikapita. Kamati ilikaa chumba cha mikutano: mganga mkuu katikati, afisa utumishi, matroni, na fundi mmoja wa kompyuta. Wifi amesimama na kijivu chake, hakuna mkunjo. Nukta akabisha hodi akaingia, akasema, "Shikamooni. Mimi ndiye niliyeandika programu. Kosa ni langu, na naweza kuwaonyesha."

"Tulishaijaribu," afisa utumishi akasema. "Mara sita."

"Mliijaribu mchana, mtu mmoja. Niitieni watu nane."

Mganga mkuu ni mtu wa kupenda kuona. Akakubali. Wakaitwa makarani, wauguzi wawili, mpaka dereva wa gari la wagonjwa, kila mmoja akawekwa kwenye kompyuta yake. Sisi tukatoka kwenda mapokezi, mganga mkuu akakaa mezani kwa wifi kama mpokezi.

"Nichape namba ya nani?"

"Sitaki kumfungua mgonjwa mwingine," Nukta akasema. "Andika ya kwako, daktari, kama unaridhia."

"Yangu? Sina la kuficha mimi." Akaiandika.

Nukta akawaambia wengine, "Nikihesabu tatu, bonyezeni wote, msiache, endeleeni kubonyeza." Wakabonyeza. Printa ya mapokezi ikatoa karatasi moja. Ikatoa moja tena. Afisa utumishi akaanza kutabasamu. Mara ya tatu ikatoa mbili. Mganga mkuu aliivuta ya pili, akaitazama, akaigeuza kifudifudi na kuiwekea kiganja juu. Hakuna aliyejua imeandikwa nini. Lakini kiganja hakikuondoka pale mpaka mkutano ulipokwisha.

"Mpokezi hana kosa," akasema.

Fundi wa kompyuta akamuuliza Nukta, "Umeligundua lini?"

Lilikuwa swali la fundi tu, la kutaka kujua. Nukta angeweza kusema leo, au jana.

"Jumapili nilihisi. Jumatatu nikahakikisha."

Wifi alikuwa ameshaanza kukunja leso yake ya machozi. Akaacha kuikunja. Akamtazama Nukta, halafu akageuza shingo akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni. Mimi sijui kuficha uso, sijawahi.

"Na wewe ulijua," akasema.

Nikatazama pindo la gauni lake.

"Ulininyooshea gauni, wifi."

Hakuniita Dobi. Alichukua pochi yake akapita katikati yetu, bila kumsukuma mtu.

Alirudishwa kazini Jumatatu iliyofuata. Miezi minane baadaye aliagwa vizuri, cheti kina fremu; nimeambiwa na walioalikwa. Mwalimu alihama kabla ya mwezi kwisha. Barua ya kumwomba radhi ilipelekwa shuleni ikarudi bila kufunguliwa. Nukta alijaribu kumtafuta kwa miguu yake, akapata nyumba tupu na mpangaji mpya asiyejua habari. Anapoamka asubuhi huwa naona usoni mwake kwamba huyo ndiye anayeamka naye.

Ofisi ya juu ya duka la miwani ilimfukuza siku ileile. Hospitali, kwa ajabu, ndiyo iliyombakiza, arekebishe aliyoyaharibu na akague mashine zote moja moja. Programu yake sasa inampitia kila mhudumu, hata aliye nyuma anaandika daftari, inamuuliza: wewe ni nani? Na hairidhiki na jibu. Inamwamuru kila mmoja ajaribu kulivaa tena koti la mkuu. Akiweza, programu yote inazimwa palepale. Akikataliwa, ndipo inafungua dirisha. Kwenye daftari lake ameyafuta maneno "kama kushoto" kila ukurasa, akaandika upya kwa kila aina ya mashine, na pembeni ameweka alama ya aliyejaribu mwenyewe.

Wifi anapita mbele ya nyumba yangu akienda dukani. Mimi ananisalimia, kwa jina langu kamili, kama karani anavyoita mgonjwa asiyemjua. Akisalimiwa na Nukta, haitikii.

Juzi Nukta aliingia jikoni, akakaa juu ya ndoo.

"Nimemwamkia tena leo."

"Akasema?"

"Amekataa kuitikia."

Nikaendelea kuosha vyombo. Nikamwambia kesho ajaribu tena. Akasema, "Nitajaribu," akaniuliza kama mimi nimeshakwenda kwake kumwomba msamaha, au bado nangoja kwanza.

Vyombo vilikuwa vimekwisha. Nikafuta mikono, nikatafuta viatu.